Makonyo leo, mchaichai kesho: mawakala wa programu wanaweza kutupangia moduli za mtambo?

MpikaMakonyo (Chake Chake)

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Nawalenga mafundi, wanafunzi wa uhandisi na yeyote mwenye kiwanda kidogo hapa visiwani. Mie nasimamia mambo ya umeme kwenye mtambo mdogo wa kupika mafuta huku Pemba. Si kile kiwanda cha Wawi mnachokijua nyote, huu ni wa watu binafsi. Msimu wa karafuu tunapika makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Msimu ukipita tunaingia mchaichai, mara mkaratusi, mara majani ya mdalasini. Vyombo ni vilevile: boila moja, mapipa mawili ya kupikia, vipoza mvuke, vitenganishi, pampu, na paneli moja yenye PLC, ile kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo.

Kupika hakutushindi. Kinachotutesa ni kubadilisha zao. Mafuta ya makonyo yamejaa eugenoli, ni mazito kuliko maji, yanazama, kwa hiyo tunayatoa chini ya kitenganishi. Ya mchaichai na mkaratusi ni mepesi, yanaelea, lazima yatokee juu. Vali zinageuka kazi, sensa inayosoma mpaka wa mafuta na maji inabidi isomwe kinyume, muda wa kupika mwengine, kiasi cha mvuke chengine. Programu iliyomo kwenye PLC waliiandika waliotufungia, wakaitia neno la siri, wakenda zao. Sasa tunataka kuongeza pipa la tatu, na maana yake ni kumlipia mtu ndege na hoteli aje na laptopu yake.

Katika kusoma nikakutana na habari ya mawakala wa programu. Kwa wasioijua: badala ya programu moja kubwa inayojua kila kitu, kila kifaa kinakuwa na programu yake ndogo inayokisemea. Pipa lina wakala wake anayejua ujazo wake, limepikiwa nini mara ya mwisho, liko wazi au lina kazi. Kitenganishi kina wakala anayejua kwamba kinaweza kutoa juu au chini. Hata oda ya mteja ina wakala wake. Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, mwaka 1998 walitoa muundo unaoitwa PROSA unaogawa hivyo hivyo: wa oda, wa bidhaa na wa rasilimali, na wa kushauri pembeni akihitajika.

Namna wanavyoelewana ni ya zamani zaidi, ya mwaka 1980, mtafiti Reid Smith aliiita Contract Net. Wakala wa oda anatangaza kazi, wenye vifaa wanajibu na masharti yao, anachagua mmoja, wanafunga mkataba. Ni kama mnada wa samaki pale Malindi, ila hapa anayeshinda ni mwenye kumaliza mapema na kwa gharama ndogo, si mwenye kutaja bei kubwa.

Swali langu: ukiongeza pipa, wakala wake ajitambulishe mwenyewe na wenzake wajipange bila mtu kuandika upya programu nzima. Hili linawezekana kwa mtambo wa saizi yetu, au ni mambo ya maabara?

---

Paneli24V (Unguja)

Waaleikum salaam sheikh.

Nikwambie ukweli bila kuzunguka: unatafuta dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Mwaka 1968 General Motors walichoshwa na makabati ya relei (swichi zinazowashwa kwa umeme) yaliyokuwa yakifumuliwa waya kila modeli ya gari ikibadilika. Jibu lake likawa PLC, ile Modicon 084 ya mwaka uliofuata. PLC yenyewe ilizaliwa ili kubadilisha kazi kusiwe balaa. Kama yako ni balaa, lawama ni ya mtu aliyeiandika vibaya na kuifunga.

Na hilo la zao tofauti lina jibu tangu mwaka 1995, kiwango cha ISA-88. Kinasema tenga resipe na vyombo. Chombo kina kazi zake: jaza, pasha, shikilia, toa. Resipe inaziita kazi hizo kwa mpangilio na namba zake. Resipe ya makonyo inasema toa chini, resipe ya mchaichai inasema toa juu. Mpishi anabonyeza kwenye skrini, kwisha. Wakala wa nini hapo?

Mie nimefunga paneli za maji na za mahoteli miaka chungu nzima. Sijaona mteja aliyeniomba mashine zake zijadiliane.

---

BintiMbweni

Kaka Paneli, kwa heshima, resipe inafunika mabadiliko uliyoyajua siku unaandika. Mwenye uzi anazungumzia chombo ambacho hakikuwapo siku hiyo. Hayo ni mambo mawili.

Yoram Koren wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walilichambua hili mwaka 1999. Mtambo wa kupangika upya unatakiwa uwe umegawika moduli, moduli ziungane kwa urahisi, uweze kukua kidogo kidogo, ugeuke kutoka bidhaa moja kwenda nyengine, na ukiharibika ujue upesi pameharibika wapi. Upande wa chuma watu wameuweza. Unaochelewesha ni programu: unafunga moduli asubuhi, halafu wiki zinapita mtu anahangaika na msimbo.

Na kwamba ni mambo ya maabara, si kweli. Kampuni ya magari ya DaimlerChrysler walifunga mfumo wa mawakala Stuttgart, Ujerumani, kwenye kiwanda cha vichwa vya silinda vya injini, mradi wa Production 2000+. Waliuweka pembeni ya laini iliyokuwapo na ukafanya kazi ya uzalishaji wa kweli. Kila kichwa cha silinda kilikuwa na wakala wake anayenadi operesheni inayofuata, mashine zinajibu.

Kilichonivutia zaidi ni namna walivyozuia msongamano. Kila wakala wa mashine ana kikomo cha vipande anavyokubali kuvibeba, tangu vinavyomjia mpaka alivyokwisha kuvimaliza lakini havijapata pa kwenda. Mashine ya mbele ikiharibika, vipande vya nyuma yake havipati pa kwenda, kikomo kinajaa, mashine inaacha kupokea. Ya nyuma yake nayo vivyo hivyo. Habari ya uharibifu inasafiri kurudi nyuma bila mkuu yeyote kutoa amri. Hakuna aliyeandika "mashine ya tano ikifa fanya hivi".

---

Paneli24V

Bibie, nimekukubali hapo, hilo la kikomo ni akili. Lakini tazama ulichokitaja: mashine nyingi zenye uwezo unaofanana, vipande vingi, njia nyingi. Pana uchaguzi. Kwa MpikaMakonyo pana mapipa mawili. Mnada wa wanunuzi wawili na samaki mmoja utauitaje mnada?

---

MpikaMakonyo

Hapo nikubishie kidogo maana ndipo ninapoishi.

Mapipa ni mawili lakini boila ni moja, na mvuke wake hautoshi kupika yote mawili kwa nguvu kamili. Halafu pana harufu. Pipa lililotoka kupika makonyo ukilitia mchaichai bila kuliosha na kulipuliza mvuke, mafuta yako yatanuka karafuu na mnunuzi atayakataa. Lakini ukitia makonyo juu ya makonyo, huna haja ya kuosha. Kwa hiyo gharama ya kazi inategemea kazi iliyotangulia. Na mchaichai haungoji: ukivunwa ukakaa sana unapoteza mafuta, wakati makonyo makavu yanaweza kusubiri ghalani.

Hesabu hiyo kwa sasa iko kichwani mwa mpishi wetu mkuu, bibi mmoja mjuzi kweli. Akiwapo, mambo yananyooka. Akienda harusini Wete, tunakosea mpangilio na kuosha mapipa bure. Kukija pipa la tatu, na watu wanasema la nne, hata yeye ameshatuambia itamshinda.

---

KijanaMtambwe (niko Ujerumani kimasomo)

Uzi mtamu huu. Hapo MpikaMakonyo umesema jambo zito kuliko lile la mwanzo. Kuna matatizo mawili yamechanganyika na ni vizuri kuyatenga.

La kwanza ni kuunganisha: pipa jipya likija, mfumo ulijue. Hili halihitaji wakala yeyote mwenye kujadiliana, linahitaji moduli iweze kujieleza. Huku wenye viwanda vya kemikali na dawa, kupitia jumuiya zao za NAMUR na VDI, wametengeneza kiwango kinachoitwa MTP, namba yake 2658. Kila moduli inakuja na kidhibiti chake na faili inayosema: mie natoa huduma hizi, kila huduma ina vigezo hivi, hali zangu ni hizi (nimetulia, naanza, nafanya, nimeshikilia, nimemaliza, nimekatizwa), na skrini yangu ichorwe hivi. Mtambo mkuu unasoma faili hiyo na kuanza kuziita huduma. Mawasiliano yanapita kwenye OPC UA, lugha ya pamoja ya mashine za viwandani. Anayepanga nani aanze na nani afuate bado ni mtu.

La pili ni kuamua: kazi ipi iende pipa lipi, mvuke apewe nani, nani asubiri. Hapa ndipo mawakala wanapolipa, na ni pale tu penye uchaguzi wa kweli. Kitenganishi kimoja hakijadiliani na mtu. Mapipa matatu yanayogombea mvuke mmoja, yenye harufu tofauti, na majani yanayonyauka uani, hayo yana la kujadiliana.

Nikichora kwa mtambo wenu: inaingia oda ya mchaichai. Wakala wa oda anatangaza, "nataka kupikwa kwa mvuke, kupozwa, kutenganishwa kwa kutoa juu, na nisipitishe leo usiku". Pipa la kwanza linajibu, "niko wazi baada ya saa mbili, lakini nilipika makonyo, ongeza muda wa kuosha". La pili linajibu, "niko wazi jioni, nimetoka mchaichai, sihitaji kuoshwa". Kabla ya kujibu kila moja limeshamwuliza wakala wa boila kama mvuke upo saa hizo. Oda inachagua. Pipa la tatu likifungwa mwezi ujao, linaingia kwenye mazungumzo hayo hayo kwa lugha hiyo hiyo. Oda haijui hata kama ni geni.

---

MamaMwani

Wanangu, mie sina PLC, mie nina mashine ya kusagia mwani, mashine ya kuchanganyia sabuni na ya kukatia. Moja tulipewa na mradi huu, nyengine na mradi ule, kila moja na plagi yake na vitufe vyake. Nawafahamu nusu nusu. Nauliza: mashine za watengenezaji tofauti zitafahamiana vipi?

---

KijanaMtambwe

Mama shikamoo. Swali lako ndilo lililowala watu miaka mingi.

Ngazi ya chini ni lugha ya waya. Modbus ipo tangu mwaka 1979 na vifaa vingi vya bei nafuu vinaijua. Lakini Modbus inakupa namba tu: rejista (kisanduku cha kumbukumbu) ya arubaini ina 215. Je, 215 ni joto, uzito, au kasi? Mashine haisemi. Ngazi ya juu ni maana, na hapo OPC UA inasaidia kwa sababu namba inakuja na jina lake, kipimo chake na mahali pake. Ngazi ya juu kabisa ni uwezo: "mie ni msagaji, nasaga kikavu tu, mpaka kilo kadhaa kwa saa". Wakala anaishi ngazi hiyo ya juu. Bila hizo mbili za chini hana cha kusema.

Kwa mashine zako, kama hazina kidhibiti cha kuwasiliana, usiingie gharama. Mashine tatu zinazopangwa mstari mmoja unaziona zote ukiwa umekaa.

---

MamaMwani

Marahaba mwanangu. Umeniokolea pesa.

---

MzeeDunga

Siku hizi si kuna AI inayoandika kila kitu? Iambieni ipange mtambo mlale.

---

BintiMbweni

Mzee wangu, akili bandia za lugha zinaweza kusaidia kuandika rasimu ya yale maelezo ya moduli, mtu akayakagua. Lakini mawakala tunaowazungumzia hapa hawana ufasaha wowote. Wana ujumbe wa aina chache: natangaza, napendekeza, nakubali, nakataa, nimemaliza, nimeshindwa. FIPA, shirika lililoanzishwa mwaka 1996, lilisanifisha ujumbe huo, na JADE, programu ya kujengea mawakala iliyotoka kwa watu wa simu wa Italia, inautumia na ni bure. Uzuri wake ni kwamba unaweza kufungua kumbukumbu ukaona nani alisema nini saa ngapi, na kwa nini pipa la pili lilipewa kazi. Kwa anayelipwa kwa lita hilo ni muhimu.

---

Paneli24V

Sawa, mmenisogeza. Sasa nisikilizeni upande wangu, maana mnazungumza kama vile hakuna mvuke wa kuunguza mtu.

PLC inazungusha programu yake yote kwa milisekunde chache, kila mara, bila kuchoka. Wakala wa JADE anakaa juu ya lugha ya programu ya Java, na Java husita kusafisha kumbukumbu yake wakati inaoutaka yenyewe. Ujumbe unapita mtandaoni, unaweza kuchelewa. Kwa kupanga kazi ya saa tatu, kuchelewa nusu sekunde si kitu. Kwa kushika presha ya boila ni hatari. Kwa hiyo:

Vali ya usalama ya boila ibaki ya chuma na springi, isiyojua intaneti ni nini. Kitufe cha dharura kikate umeme kwa waya, kisiombe ruhusa kwa programu. Kudhibiti joto, kiwango cha maji na presha kubaki ndani ya PLC ya moduli. Na PLC iwe na haki ya kumkatalia wakala: akisema fungua vali ya chini wakati pipa lina presha, PLC iseme hapana, na wakala apokee hapana hiyo kama jibu la kawaida, atafute njia nyengine.

Mkijenga hivyo nitakuja kuwafungia mwenyewe. Mkimpa wakala vali moja kwa moja, msinijue.

---

KijanaMtambwe

Hakuna wa kukubishia hapo fundi. Hata mradi wa Ulaya ulioitwa IDEAS, mwaka 2010 hadi 2013, uliowapachika mawakala kwenye vidhibiti vidogo juu ya moduli yenyewe, ulitenga wakala na udhibiti wa chini. Faida waliyoionyesha ni kwamba ukiing'oa moduli, wakala wake anaondoka nayo. Ukiifunga pengine, anajitambulisha huko.

---

MpikaMakonyo

Nawashukuru nyote. Kuna mawili bado yananisumbua.

Umeme. Tangu waya wa baharini kutoka Tanga uje mwaka 2010 hatuko tena kwenye majenereta ya Wesha, alhamdulillah, lakini kukatika kupo. Ukikatika katikati ya mazungumzo ya mawakala itakuwaje? Na la pili, PLC yangu imefungwa kwa neno la siri. Naanzia wapi?

---

KijanaMtambwe

Umeme: kanuni ni kwamba wakala akiamka asiamini kumbukumbu yake kabla ya kutazama vyombo. Anauliza PLC: joto la pipa ni ngapi, vali ziko vipi, mfuniko umefungwa? Kisha analinganisha na mikataba aliyoiandika diskini. Mkataba wa kazi iliyokwisha kuanza unaendelea au unakatizwa kulingana na hali ya pipa. Uliokuwa haujaanza unafutwa na kunadiwa upya, maana saa zote zimeshabadilika. Na kila ujumbe uwe na muda wa mwisho. Asiyejibu ndani ya muda huo ahesabiwe hayupo. Hiyo inakulinda na moduli iliyozimika bila kuaga.

La neno la siri: usilivunje. Kama uliuziwa mtambo, idai kwa maandishi programu yake na hati zake. Wakigoma, ichukulie PLC hiyo kama moduli moja kubwa nzee. Mara nyingi rejista zake za Modbus zinasomeka hata kama programu haisomeki. Unaweka kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi pembeni, wakala wa mtambo wa zamani anakaa humo, anasoma hali na kutoa zile amri chache zilizoruhusiwa. Pipa la tatu ndilo lije na kidhibiti chake kipya, kilicho wazi, na maelezo yake. Kuna programu ya 4diac, ni bure, inafuata IEC 61499, kiwango cha udhibiti uliogawanywa kwenye vifaa vingi, na inakubali kukaa kwenye Raspberry Pi. Kwa kujifunzia inatosha kabisa. Kwa kazi ya kila siku nunua kidhibiti cha kiwandani.

---

Paneli24V

Na mimi nitie la kwangu ambalo vitabu vya Leuven havitakwambia. Moduli ya kuchomekwa na kuchomolewa inategemea viunganishi, na hapa chumvi ya hewani inakula shaba mpaka unashangaa. Tumia viunganishi vya kukaza kwa skrubu vya M12 vyenye kiwango cha IP67, yaani haviingizi vumbi wala maji, vifunikwe kila visipotumika. Bomba za mvuke na maji nazo ziwe na viungo ambavyo haviwezi kufungwa kinyume, saizi tofauti kwa kazi tofauti. Wakala anaweza kusema "nimeunganishwa na kitenganishi cha pili" kumbe fundi kafunga bomba kwenye cha kwanza. Programu haioni bomba. Weka sensa, au mfanye mpishi athibitishe kwenye skrini kabla mvuke haujafunguliwa. Nyaraka zote za hawa wasomi zinapita hapo kwa haraka mno.

---

BintiMbweni

Hilo la bomba liwe mradi wangu wa mwisho wa masomo, kama MpikaMakonyo atanikubalia. Kuthibitisha muunganiko kwa kupeleka maji kidogo na kutazama sensa ya chombo kipi imeitikia, kabla ya kuanza kupika.

---

MpikaMakonyo

Karibu sana dada, muda wowote nje ya msimu, maana msimu ukifika hakuna atakayekutazama.

Nilivyoelewa, na mnisahihishe: pipa la tatu linunuliwe na kidhibiti chake na maelezo ya huduma zake. Resipe zitengwe na vyombo kama alivyosema Paneli. Mtambo wa zamani uzungukwe kama ulivyo. Kwa msimu mmoja mawakala wapendekeze tu mpangilio wa mapipa na mvuke, mpishi wetu mkuu akubali au akatae, na kila akikataa aandike kwa nini. Nna hakika sababu zake nyingi hazimo kwenye sensa yoyote. Yeye anajua mchaichai wa shamba lipi umevunwa na umande.

---

KijanaMtambwe

Hapo hapo. Na hizo sababu zake za kukataa ndizo zitakazoingia kwenye hesabu ya gharama ya wakala msimu wa pili.

---

Paneli24V

Nitumie kwa ujumbe wa faragha orodha ya rejista na picha ya ndani ya paneli. Zima swichi kuu kabla hujaufungua mlango, nawajua watu wa Pemba na haraka zenu.